Neno Lililotumwa Barazani

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe ambalo mama alikuwa amelipiga pasi mara mbili, nikafika afisi ya chifu kabla mlango haujafunguliwa. Nilikuwa nimeajiriwa karani wa kata moja kusini mwa Msambweni. Kazi yenyewe sikuijua, lakini nilijijua kuwa nina hati nzuri, na kwa hati hiyo nilijiona nusu ya serikali. Chifu alipofika nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanipa kalamu na karatasi akaniambia niandike jina langu. Akalitazama kitambo.

"Utafaa," akasema. "Ila ujue hapa hatuandiki hadithi. Tunaandika muhtasari."

Nyinyi vijana mnaoweka simu mezani ikanasa kila kikohozi hamtajua muhtasari ulikuwa kazi ya namna gani. Ulianza na mahudhurio, yaani majina ya waliofika. Ikafuata kuthibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita, halafu yatokanayo, ambapo mambo ya nyuma yaliulizwa yamefikia wapi. Ndipo zikaja ajenda, na mwisho mengineyo. Kila jambo lilipewa namba, na kila pendekezo lilikuwa na mwenyewe: fulani alipendekeza, fulani akaunga mkono. Nakala moja ilikwenda kwa mkuu wa tarafa, nyingine ikabaki kwenye jalada letu. Chifu akitia saini, basi.

Kanuni aliyonifundisha siku ile ilikuwa fupi: aliyesimama ndiye aliyesema. Kwenye banda letu la baraza wanaume walikaa mbele kwenye mabenchi, wanawake wakakaa mikekani upande wa nyuma. Mwanamke akiwa na neno hakusimama. Alimnong'oneza mumewe au kaka yake, na mara nyingi zaidi mjomba wake, kwa kuwa sisi Wadigo mjomba alikuwa ndiye msemaji wa watoto wa dada yake tangu zamani. Mwanamume yule akasimama akasema, "Nina neno nimetumwa." Kumuuliza katumwa na nani kulikuwa utovu wa adabu. Mimi nikaandika jina lake yeye, nikapiga mstari, nikaendelea. Na kwenye mahudhurio, baada ya kuorodhesha wanaume mmoja mmoja kwa majina ya baba zao, nilimalizia kwa maneno matatu: na akina mama. Sikuona ubaya wowote. Kusema kweli niliona ni heshima.

Baadaye nilihamishiwa bara, njia ya Kinango, kwa wafugaji. Chifu wa huko alikuwa mtu wa kanisa, mkali wa saa, asiyekunywa chai kazini. Nilidhani mambo yatakuwa mengine. Wanawake wa huko walitembea nusu siku kutafuta maji, lakini lambo la maji likijadiliwa walikaa kwenye mikeka, na neno lao likasimama kwa miguu ya wanaume. Nikaendelea na mstari wangu. Nilipotimiza miaka kadhaa huko, nikarudishwa pwani kwa chifu wa tatu, mpole wa sauti na mgumu wa moyo, niliyekaa naye hadi karibu na kustaafu.

Katika kata hiyo aliishi Bi Mwanasiti. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, akiuza mafuta ya nazi aliyoyakamua mwenyewe, na alasiri mbili kila wiki akiwafundisha wanawake wenzake kusoma katika chumba cha chekechea. Mjomba wake, Mzee Bakari, ndiye aliyembebea maneno yake barazani. Na yalikuwa maneno! Kipindupindu kilipoingia, Mzee Bakari alisimama akasema kisima cha juu kifungwe kwa sababu vyoo vya sokoni viko mlimani juu yake. Kikafungwa, na ugonjwa ukapungua. Mkuu wa tarafa alikuja mwenyewe kumpa Mzee mkono. Mara nyingine akasimama akaomba baraza lisifanywe asubuhi, wakati wanawake wako shamba. Tena akasimama akasema wasichana waliozaa warudishwe shule. Watu wakasema Mzee Bakari ana akili ya serikali. Mzee alikuwa akicheka tu, akipapasa ndevu.

Halafu nafasi ya naibu wa chifu ikatangazwa. Bi Mwanasiti akaomba. Katika kata ile hakuna mwanamke aliyewahi kuomba kazi hiyo, na minong'ono ikaanza siku hiyo hiyo: ataamuaje ugomvi wa wanaume, atatokaje usiku kukiwa na kelele. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Salimu, kijana mzuri, mtoto wa kumzaa wa Mzee Bakari.

Mkubwa aliyesimamia usaili alikuwa kijana kutoka bara, amehamia juzi, hajui ndugu wa mtu. Alinipigia simu akanitaka nimpelekee majalada ya baraza ya miaka kumi. Alisema anataka kuona nani amekuwa akihangaikia watu, maana kwenye usaili kila mtu ni mhangaikaji. Nilimsifu moyoni. Kabla ya kupanga majalada nikachukua barua ya wito ya Bi Mwanasiti, nikampelekea darasani kwake.

Niliwakuta wanasoma riwaya. Yeye alisoma kwa sauti, wengine wakifuata kwa kidole. Ilikuwa hadithi ya mwanamke anayeinuka hadi kuongoza nchi, na walikuwa wamekaribia mwisho. Nikakaa mlangoni kungoja. Alipofunga sura, mwanamke mmoja mtu mzima akauliza swali. Tulimwita Mekasimu, mama yake Kasimu, ambaye kusoma kwenyewe ndiyo kwanza alikuwa akikuanza.

"Mwalimu, huyu bibi tumekuwa naye tangu mwezi uliopita. Mumewe amesema, adui zake wamesema, hata dereva wake amesema. Yeye mwenyewe ameambiwa aseme lini?"

Wakafungua kurasa nyuma, wakatafuta. Mwandishi alikuwa amemsifu mwanamke yule kurasa nzima nzima, lakini maneno ya kinywa chake mwenyewe yalikuwa haba mno. Wakabishana: wengine wakasema mwandishi kamheshimu, wengine wakasema kamwogopa. Mekasimu akanitupia jicho pale mlangoni.

"Mwandishi huyu ni karani kama Karani Omari," akasema.

Wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilitoa barua, nikatoka. Nilipofika njiani kicheko kilinikauka.

Nilirudi afisini nikafungua majalada, jalada kwa jalada, nikimtafuta Bi Mwanasiti. Kisima kilikuwa cha Mzee Bakari. Saa ya baraza ilikuwa ya Mzee Bakari. Wasichana wa shule walikuwa wa Mzee Bakari. Bi Mwanasiti hakuwamo hata kwenye mahudhurio, kwa sababu alikuwa ndani ya yale maneno yangu matatu. Mkubwa yule akisoma majalada haya ataona mwanamke ambaye kwa miaka kumi hakufungua mdomo, na kijana ambaye baba yake ndiye aliyeijenga kata. Na hati iliyosema hivyo ilikuwa yangu, nzuri, isiyo na doa. Niliona haya kama sijapata kuona.

Kubadilisha kumbukumbu zilizokwisha kutiwa saini ni kosa, na mimi sikuwa mtu wa kughushi. Njia ya haki ilikuwa moja: marekebisho, mbele ya baraza lenyewe, kwenye yatokanayo. Baraza lilikuwa Jumanne, usaili Alhamisi. Nikamwendea chifu nikamweleza.

"Muhtasari ukishatiwa saini ni kama talaka tatu," akasema kwa sauti yake ya pole. "Haurejeleki. Na nani atayaleta hayo marekebisho?"

"Mimi, Chifu."

"Karani hasemi barazani, Omari. Umebakisha miaka miwili ukapumzike. Ukisimama, umesimama peke yako. Mimi sitakukinga."

Hakunikataza, wala hakuniruhusu. Wakubwa wengi nimewaona hivyo.

Jumanne banda lilijaa. Tulipofika kwenye yatokanayo nikasimama na jalada mkononi. Nilisoma: Mzee Bakari alipendekeza kisima cha juu kifungwe. Kisha nikasema, "Niliandika jina la aliyesimama. Leo naliuliza baraza, neno lile lilikuwa la nani?"

Mtu mmoja mbele akanung'unika kwamba karani amegeuka mpiga kampeni. Chifu alikuwa akitazama kucha zake. Mimi nilimtazama Mzee Bakari, na nilijua kila mtu anafikiri ninachofikiri. Neno moja tu, "langu," lingempa mwanawe kazi, likanipa mimi aibu, na likamfuta mpwa wake kabisa. Wala hakuna ambaye angemlaumu baba kwa kumpenda mwanawe.

Mzee akainuka taratibu, mkono kwenye bega la Salimu.

"Wanasema mjumbe hauawi," akasema. "Lakini hawakusema mjumbe ale alichotumwa. Mimi nimekula. Nimepewa mkono wa mkuu wa tarafa nikaona utamu, nikanyamaza. Neno la kisima lilikuwa la mpwa wangu Mwanasiti. La shule lilikuwa lake. La saa ya baraza pia. Mwanangu Salimu anisamehe, lakini mimi ni mjomba wa mtu kabla sijawa baba wa huyu."

Akaketi. Salimu alikuwa ameinamisha kichwa, na kwa heshima yake nitasema hapa kwamba hakuutoa mkono wa baba yake begani.

Ndipo Bi Mwanasiti akasimama kutoka mkekani. Hakumshukuru mtu. Hakuhutubu. Alisema, "Karani, naomba iandikwe kwamba neno lilikuwa langu, na kwamba leo nimelisema kwa mdomo wangu."

Nikaandika. Sijamaliza mstari, Mekasimu akasimama akauliza habari za njia ya zahanati, maana neno la njia ile nalo lilikuwa na mwenyewe. Akasimama mwingine, na mwingine. Waume wengine walikubali, wengine walibisha, mmoja akaapa kwamba wazo lilikuwa lake, na mkewe akamkumbusha walikuwa wamekaa wapi alipomwambia. Banda zima likaangua kicheko, hata chifu. Marekebisho yale yalijaa kurasa nne. Alhamisi niliyapeleka kwa mkubwa pamoja na majalada. Aliyasoma nikiwa nimesimama, akaniuliza kama nina hakika na ninachokileta. Nikamwambia kwamba kati ya yote niliyoyaandika, hayo ndiyo nina hakika nayo.

Bi Mwanasiti alipata kazi. Sitasema kila mtu alifurahi. Wapo waliokataa kumpelekea kesi zao mwaka mzima, wakaishia kumpelekea baada ya kuona anamaliza mambo siku hiyo hiyo. Salimu sasa anasimamia bandari ndogo ya samaki, na wakikutana na binamu yake hutaniana hadi watu hugeuka.

Miaka yangu miwili ya mwisho nilifanya kazi chini ya Bi Mwanasiti. Nimefanya kazi na machifu watatu, na hakuna aliyenisumbua kama yeye. Wiki ya kwanza alinirudishia muhtasari wangu. "Akina mama ndio akina nani?" akauliza. Nikaanza kuzunguka mikekani na karatasi, nikiwauliza majina wanawake niliowajua miaka thelathini. Ndipo nilipojua kwamba Mekasimu anaitwa Nimwaka. Mikeka yenyewe hakuiondoa. Alisema anayependa mkeka akae mkekani, ila sauti ipite.

Sasa nimestaafu, nafuga kuku, na wajukuu hunisomea riwaya zao za shule kwa kuwa macho yamechoka. Siku hizi zimo nyingi za wanawake viongozi. Mimi huwauliza swali moja tu: huyu amesema mangapi mwenyewe? Wajukuu hunicheka, lakini huhesabu. Nanyi mnaoshika kalamu, za serikali au za hadithi, nawasihi mhesabu. Nilidhani kazi ya karani ni kuwa na hati nzuri, na kwa hati nzuri nikawanyamazisha watu nusu ya umri wangu bila kumkosea adabu hata mmoja.

Baraza langu la mwisho kuandika lilikuwa la kawaida, mifereji na vitambulisho. Karibu na kufunga, kijana mmoja akasimama akasema ana neno ametumwa. Naibu wa chifu akamwambia kwa upole aketi, na aliyemtuma asimame. Tukangoja. Mkekani, karibu na nguzo, akainuka mke mchanga aliyekuwa mgeni kijijini, mtoto mgongoni. Alifungua mdomo, akaufunga, akafungua tena, akataja jina lake, la baba yake na la kijiji alikotoka. Neno lenyewe likamkwama. Akaketi.

Hakuna aliyecheka. Naibu akanigeukia. Nikampa namba yake, nikaandika jina lake zima, nikapiga mstari.