Spika ya Pakiti ya Biskuti

Mwanangu, sogea hapa. Bado naiona siku ile kule Rurambo, wakati wa vita.

Tulipokimbia kutoka Mutarule kwenda Rurambo tulipotezana na mama. Watu walisema redio inatangaza habari za waliopotezana na jamaa zao kila mchana. Redio tulikuwa nayo, ila spika yake ilikuwa imechanika njiani. Tonton, mdogo wake mama, alikuwa fundi wa redio, tena mbishi, hakubali kushindwa na chombo. Akafungua kamera mbovu akatoa saketi ya flashi, ile inayochukua umeme mdogo wa pile, yaani betri, ya tochi na kuupandisha hadi mamia ya volti. Akaunganisha na bati la kopo la maziwa alilolitoboa kwa msumari, na mbele yake akatandaza utando mng'aavu wa pakiti ya biskuti. Umeme ule mkali unauvuta utando, na sauti ya redio ikiingia, utando unatetemeka na kusema. Pakiti ya biskuti, mwanangu, inasema! Nilipiga vigelegele.

Lakini sauti ilikuwa ndogo mno, na matangazo yalikuwa yameanza. Nikanyoosha kidole niusogeze utando karibu zaidi na bati.

"Weye! Toa mukono!" Tonton alinifokea. "Ukiisogeza, umeme itaivuta yote, itajibandika na kuungua. Hatuna ingine!"

"Lakini Tonton, minye nataka kusikia jina ya mama!"

"Na minye pia. Iachie nafasi ya kucheza. Leta sikio yako."

Nilichukia, sikufichi. Hata hivyo nikainama, nikatega sikio. Ng'ombe akilia nje, nilitamani kumziba mdomo. Majina yakapita, mengine, mengine tena. Kisha sauti ndogo kama ya mbu ikamtaja mama: yuko Luvungi, mzima, anatungoja. Nililia, nikacheka, nikamrukia Tonton shingoni!

Basi, mwanangu, kitu ukikitaka sana usikibane. Nguvu ikishatosha, iishie hapo, kisha wewe ndiye usogee na kusikiliza. Kidole changu kingefika, tungemtafuta mama mpaka leo.

Mungu akujalie mtu wa kukuzuia mkono mapema, na akupe moyo wa kumsikia hata ukiwa umemkasirikia.