Mtori wa Uzazi

Walipoitoa saratani pamoja na kizazi chenyewe, daktari aliniambia nipumzike, kisha nirudi baada ya miezi mitatu aone kama ugonjwa umekwisha au bado upo. Kupumzika sikukusikia. Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, kila mwenye miguu anakwenda Namanga mpakani kufuata viatu na vitenge, na mimi nilikuwa na meza yangu sokoni. Nikajiambia kama siku zangu zinahesabika, bora nizimalizie kazini. Nilikuwa mbishi, na bado ni mbishi.

Mama akaja kutoka Kilimanjaro na mkungu wa ndizi, akaingia nyumbani kwangu Sekei bila kuuliza. Kwetu Uchagani mwanamke aliyejifungua hashiki ufagio kwa miezi mitatu, kazi yake ni kula mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, na mama hakujua namna nyingine ya kumuuguza mtu aliyetoka hospitali na mshono tumboni. Akanifunga tumbo kwa khanga, akanifunika blanketi, akawa ananipikia mtori asubuhi na jioni. Nililalamika kutwa, na bakuli nikalirudisha tupu.

Harufu ya mtori ikafika mtaani kabla ya habari za ugonjwa, maana ugonjwa nilikuwa nimeuficha. Jumamosi wakaja wenzangu wa sokoni na sabuni za mtoto, nepi na khanga mpya, wakiamini nimejifungua. Nilikuwa na miaka hamsini na mbili. Nadhani walikubaliana njiani wasiulize maswali. Mmoja akamwamkia mama, akaomba kwa adabu waonyeshwe mtoto.

Mama alipokea vitu vyote, akavipanga kando yangu, ndipo akasema, "Mtoto mwenyewe ni huyu. Na ni msumbufu."

Nilicheka huku nimeshika mshono. Nikawaambia ukweli, wakalia, mama akawagawia mtori, wakacheka. Shoga yangu wa safari za Namanga akauliza, kwa kuwa basi hakuna mtoto, kama Jumatatu tunaondoka wote.

Nilimtazama mama, mgongo umempinda, anapuliza kijiko nisije nikaungua, nikafurahi kuliko nilivyowahi kufurahia faida yoyote. Sikujua nimebakiwa na muda gani. Wa kwake pia sikuujua.

"Nenda tu, shoga," nikasema. "Mimi bado nalishwa na mama."