Jino Lililokuwa Zima

Mama yangu aling'olewa jino lisilo na kasoro mwezi mmoja kabla hajafa.

Tulikuwa tukikaa kijiji cha karibu na Konde, miaka ile ya foleni za mchele, nami sijaolewa bado. Ulikuwa msimu wa karafuu. Mama akipanda kilima na pakacha kichwani, husimama katikati ya njia, kiganja kimeshika taya la kushoto. Akipumzika, maumivu huondoka. Akianza kupanda, hurudi. Baba alisema ni jino, na sote tukakubali. Nani aliwahi kusikia taya likauma kwa sababu ya kilima? Mama akenda kwa mzee aliyekuwa aking'oa meno. Yule mzee aligonga moja moja akasema haoni tundu, lakini mama alishikilia litoke. Aliporudi alinionyesha. Lilikuwa jeupe, na mizizi yake mizima.

Taya halikuacha kuuma. Ukaongezeka uchovu. Majirani walisema ni umri, wengine wakasema ni upepo. Asubuhi moja tunachambua karafuu uani, nikamwona anatiririka jasho, na jua hata halijapanda.

"Mwanangu, mgongo wanivuta," aliniambia. "Nitandikie nijinyooshe."

Nikamtandikia mkeka ndani. Nilipokwenda kumwamsha kwa sala ya adhuhuri, alikuwa amekwisha kuwa baridi.

Msibani hakuna aliyetaja moyo. Kwetu, moyo ulikuwa maradhi ya wanaume wanene wanaoanguka wamejishika kifua.

Watu wengine hujiwa na wafu wao ndotoni. Mimi mama alinijia mkononi. Niko jikoni, au nimesimama dukani Konde, mara nahisi kiganja changu kiko shavuni na sikumbuki kukipeleka. Nilikuwa nakishusha upesi, kama mtu aliyefumaniwa. Sikumwambia mtu.

Nilikwisha kuupita umri wake siku taya liliponiuma kweli. Natoka kisimani na ndoo, nikasimama, likatulia. Nikapiga hatua, likarudi. Mume wangu akataka kunitafutia dawa ya jino. Nikamwambia si jino, la mama lilitoka zima; anipeleke hospitali Wete.

Daktari alikuwa mwanamke mdogo kuliko binti yangu. Aliniuliza mama yangu alifariki kwa maradhi gani. Nikasema tulidhani ni jino, kisha nikamweleza yote: kilima, jasho, mgongo. Alinilaza kitandani, akanibandika nyaya za kipimo cha moyo.

"Bi, ule ulikuwa moyo," alisema. "Kwa wanawake mara nyingine hauumi kifuani. Huuma taya au mgongo, au huleta uchovu na jasho tu."

Nililia pale pale, nimelala kitandani na nyaya za kipimo kifuani. Nilimlilia mama upya, kana kwamba alikufa siku ile. Baadaye nikapelekwa Unguja, nikatibiwa, na sasa nameza vidonge kila siku.

Kwenye shughuli za wanawake huwasimulia wenzangu. Jirani mmoja aliyekuwa akilalamika mgongo alikwenda kupimwa, akaanzishiwa dawa. Mdogo wangu wa kike hataki kupimwa mpaka leo. Asema mama alikufa kwa siku zake zilizoandikwa, nami sibishani na hilo. Lakini akija kwangu, humsikia anavyopanda vidaraja vya barazani. Huwa nasikiliza pumzi zake mpaka akae.