Nilichoma Soksi, Vinundu Vikabaki

Maneno yalianza hivi: kuna soksi nyeupe za shule zimeingia mjini, zina mayai ya wadudu. Mtoto akizivaa, mayai yanaingia chini ya ngozi, yanaota vinundu, na mwisho wake mguu ni wa kukatwa.

Niliyasikia kwenye kundi la simu la wazazi wa shule. Watu mia mbili na kitu, wote madaktari.

Nilicheka. Nikaweka simu chini, nikaendelea kupiga pasi.

Lakini yalinikaa. Yalinikaa kama mwiba wa samaki kooni. Unameza mate, upo. Unakunywa maji, upo.

Siku nne baadaye binti yangu akarudi kutoka shule anachechemea.

Binti huyu tunamwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Ana miaka kumi na mmoja. Siku hiyo aliingia kimya, akakaa mlangoni, akavuta soksi chini.

"Mama, hapa panauma."

Miguu yote miwili, mbele kwenye muundi. Vinundu saba, kama gololi zimefukiwa chini ya ngozi. Vya moto. Nikagusa kimoja kwa ncha ya kidole, mtoto akanisukuma mkono, na si mtoto wa kunisukuma.

Nikaangalia soksi. Nyeupe. Mpya kabisa.

Na aliyempa namjua.

Ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Ana kibanda cha sare karibu na geti la shule, anashona sketi na kuuza soksi. Alimpa Chiriku jozi mbili, zawadi.

Sasa mimi na wifi hatujawahi kuelewana. Ni mwanamke anayejua kila kitu. Ukipika, atakuelekeza chumvi. Ukinyamaza, atakuuliza umenuna nini. Kwa hiyo uvumi ulipofika kwangu ulikuta kiti kimeshawekwa, ukakaa.

Sikumuuliza wifi. Sikumuuliza mtu. Nilipiga picha miguu ya mtoto, nikaituma kwenye kundi, nikaongeza na sauti yangu:

"Wazazi wenzangu, yale maneno ni kweli. Kwangu yameingia. Soksi ni za kile kibanda cha getini. Mwenye masikio asikie."

Dakika kumi hazijaisha nikawa mtu maarufu. Pole zilimiminika. Mmoja akaandika, "Mguu huo ni wa kukatwa, mama, jikaze." Hajui hata mwanangu yuko darasa la ngapi.

Nikazichoma soksi nyuma ya nyumba. Zikatoa moshi mweusi. Jirani yangu tunayemwita Redio, kwa kazi yake ya kutangaza, akachungulia ukutani.

"Unauona moshi huo? Soksi ya kawaida haitoi moshi hivyo."

Nikamwamini. Mtu ambaye hajawahi kuchoma soksi maishani mwake.

Vinundu vikabaki.

Redio akaniletea namba ya bwana mmoja anayejiita Dokta Asili, anatibu kwa simu. Nikamtumia picha. Hakuuliza umri, hakuuliza homa. Akajibu kabla sijashusha mkono.

"Huo ni uchafu wa damu. Kanda kwa maji ya moto, sugua kwa mafuta mpaka vipasuke."

"Nisugue kwa nguvu?"

"Sana. Akilia ujue dawa inafanya kazi."

Basi nikasugua. Mimi niliyemzaa. Chiriku anang'ata taulo, mimi nasugua, nimeambiwa kilio ni dalili nzuri. Siku ya tatu hakuweza kukanyaga chini. Akawa anakwenda chooni kwa kujiburuta kwa makalio.

Na homa ikaanza kumpanda. Nikamtoa chumbani kwake, nikamhamishia kitandani kwangu nimlinde vizuri. Baba yake ni fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa kazini mji mwingine mwezi mzima. Kwenye simu nilimwambia mtoto ana vipele.

Vipele. Ndivyo nilivyosema, nikakata.

Jumamosi asubuhi wifi akaja. Hakupiga hodi.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mtoto wa kaka yangu. Wewe sijakuulizia."

Akaingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda, akaitazama miguu bila kuigusa. Mimi nimesimama mlangoni nimekunja mikono, nasubiri ajitetee.

Hakujitetea. Akamuuliza mtoto.

"Mwanangu, soksi nilizokupa ulizivaa lini?"

"Siku moja tu, shangazi. Ile siku nilirudi nachechemea."

"Na miguu ilianza kuuma lini?"

"Kabla. Vilianza viwili, vikaongezeka. Nilivaa soksi zako kwa sababu ni ndefu, ili wasinicheke."

Nikakunjua mikono.

"Sasa mbona hukuniambia?" nikafoka.

"Hukuniuliza, mama. Ulipiga picha."

Wifi akasimama, akajipangusa magoti. "Mvishe. Tunakwenda hospitali."

"Wifi, hili jambo wewe hulijui vizuri..."

"Silijui kabisa. Ndiyo maana nakwenda kwa anayelijua. Wewe unayelijua unaweza kubaki."

Akambeba mgongoni. Mtoto wa miaka kumi na mmoja, miguu inaning'inia karibu ifike chini. Nikawafuata nyuma kama mzigo.

Daktari alikuwa binti mdogo. Kimoyomoyo nikasema huyu naye ataniambia nini. Akaweka kiganja juu ya muundi wa Chiriku taratibu, akainua macho.

"Nani amesugua hapa?"

Nikatazama dirisha.

"Ni dokta wa kwenye simu," wifi akasema. Redio alikuwa ameshamtangazia.

"Ana mikono mirefu," daktari akajibu, akaendelea kuandika.

Alitueleza kwa lugha ya kawaida. Hakuna mayai, hakuna wadudu wa soksi. Vinundu vya namna hii ni mwili unapigana na kitu kingine huko ndani, miguu inatoa taarifa tu. Inaweza kuwa ugonjwa wa koo, inaweza kuwa dawa fulani, wengine haijulikani vimetokana na nini. Ukivisugua unavichokoza.

Wakachukua damu. Wakapiga picha ya kifua. Wakamchoma sindano ndogo ya kipimo juujuu kwenye ngozi ya mkono, tukaambiwa turudi Jumatatu.

Jumatatu ule mkono ulikuwa umevimba. Daktari akaupima kwa rula, akaitazama na ile picha ya kifua, kisha akafunga mlango.

"Mtoto ameambukizwa kifua kikuu."

Nitawaambia ukweli maana nimeamua kuwaambia: hata hapo nilimtazama wifi. Kibandani kwake wanaingia watu wengi. Akili yangu ilikuwa bado inatafuta pa kumsimamisha.

"Nyumbani kuna nani anayekohoa?" daktari akauliza.

"Hakuna," nikasema.

Nikakohoa.

Hakuna aliyecheka. Wifi aliinamisha kichwa, akawa anakunja na kukunjua mkanda wa mkoba wake.

Mmesoma mpaka hapa sijakitaja hicho kikohozi. Sikukificha. Sikukihesabu. Mimi napiga pasi kwa dobi, chumba kimoja, pasi nne, mvuke kutwa, dirisha halifunguliwi ili vumbi lisichafue mashati. Wote pale tunakohoa, ndiyo salamu yetu. Changu kilikuwa na miezi mitatu. Sketi zilikuwa zinanishuka kiunoni, nami nafurahi kwamba nimepungua, eti watu watanisifu.

Walinipima makohozi.

Ni mimi.

Nilikataza mtoto asisogelee kibanda cha shangazi yake, nikamlaza mto mmoja na mimi namkoholea usoni. Huo ndio ulinzi niliompa.

Tuko kwenye dawa sote wawili. Wenzangu wa pasi nao wameitwa kupimwa. Chiriku anatembea. Vinundu vimenywea, vimeacha madoa kama ya kujigonga, na mdomo umerudi kazini, anatuchosha. Baba yake alirudi, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kitu kimoja tu: "Vipele?"

Nilikwenda kwa wifi kuomba msamaha. Wakati huo maboksi ya soksi yalikuwa yamepangwa chini ya meza yake kibandani, hakuna mzazi anayegusa. Nilimkuta nyumbani kwake, jikoni, anasugua sufuria.

"Wifi, nisamehe."

"Sikusikii."

"Nimesema nisamehe."

"Sauti naisikia. Wewe ndiye sikusikii. Ulinichafua mbele ya watu mia mbili. Msamaha wa jikoni mpe hii sufuria."

Ndiyo maana naandika hapahapa, kwenye kundi lile lile. Zile soksi hazikuwa na kitu. Kibanda cha getini hakina kosa. Mwenye kosa ni mimi, na nyie mlionipigia makofi mna kipande chenu. Wewe wa "mguu ni wa kukatwa," soma mara mbili.

Ya kuepuka ni haya:

Usisugue kinundu kinachouma. Usikikande, usikipasue.

Usitibiwe na mtu aliyeona picha tu.

Usitume picha ya mwili wa mwanao kwenye kundi. Ile ya Chiriku bado inazunguka, jana imenirudia kutoka kwa mtu nisiyemjua, akiniuliza kama nimeshasikia habari za soksi.

Usitaje biashara ya mtu kama hujauliza hata swali moja.

Usianze kusema kila kinundu cha mguuni ni kifua kikuu, maana nawajua, kesho mtaanza. Sababu ni nyingi. Kapimeni.

Usikohoe wiki mbili zikapita unasingizia kazi.

Usimdanganye baba wa mtoto kwenye simu.

Na usimhamishie mtoto kitandani kwako ukasema unamlinda, kabla hujajua aliyetangulia kuumwa humo ndani ni nani.