Kichwa cha Ufunguo wa Shemeji

Fundi wa funguo aliwadharau watu wengi, lakini hakuna aliyemfikia shemeji yake, kaka wa mkewe. Bwana huyu alistaafu ukarani, kisha akaenda kununua gari jipya lililoundwa makusudi lionekane la enzi za babu: taa za mviringo zilizotumbua macho, bampa za kung'aa, usukani mwembamba kama ukingo wa sinia.

"Gari la juzi linajitia ubibi," fundi alimwambia mkewe. "Na anavyoliendesha, utadhani amepakia mayai."

Duka la fundi lilikuwa chumba kimoja chembamba kati ya kinyozi na mshona viatu. Mlangoni alitundika kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: HAKUNA UFUNGUO ULIOWAHI KURUDI HAPA. Kwa miaka ishirini na saba maneno yale yalikuwa kweli tupu. Kila asubuhi alikipangusa kibao kabla ya kupangusa mashine, kwa sababu hakikuwa tangazo tu. Ndicho kilichomfanya ajione fundi, na wengine wote wabahatishaji.

Asubuhi moja shemeji akaingia na ufunguo wake. Lilikuwa dubwana, kichwa cha plastiki nyeusi, kinene kama mche wa sabuni.

"Shemeji, dude hili limenitoboa mifuko miwili," alisema. "Halafu halifanani na gari. Nichongee mwembamba, wa chuma kitupu, kama wa zamani."

"Leo angalau umesema la maana."

"Ila yule aliyeniuzia alisema humo ndani kuna..."

"Yule ni muuzaji. Fundi ni mimi. Ufunguo ni meno, shemeji. Hayo mengine ni mapambo ya kuwahadaa watu kama wewe."

Akafanya alichowafanyia wote waliomletea plastiki, maana alipenda wamtazame akifanya. Alikilaza kichwa juu ya jiwe, akakishushia nyundo mara moja, akachomoa chuma cha kuigia, na vipande akavisukumia kwenye ndoo iliyojaa maganda ya funguo za watu wengine. Kisha akachonga ufunguo wa shaba, akausugua kwa tupa mpaka ukawa laini. Ulipendeza, hilo tusimnyime.

Wakatoka nje. Mlango wa gari ukafunguka, swichi ikazunguka, injini ikanguruma. Ikazima. Shemeji akajaribu tena, ikazima tena. Mara ya nne taa ndogo nyekundu ikaanza kupepesa mbele yake. Kinyozi akatoka na mashine yake mkononi, na nyuma yake mteja aliyenyolewa nusu kichwa.

"Ndicho nilichotaka kukwambia," shemeji alisema taratibu. "Humo ndani kuna chipu. Ndogo, kama punje ya mchele. Gari lisipoiona, linajizima."

Fundi akaifuata ndoo ndani. Kwa mara ya kwanza tangu afungue duka aliona aibu, aibu hasa, ya kuchoma masikio. Akaimwaga ndoo kwenye sakafu ya baraza, akapiga magoti, akaanza kuchambua maganda moja moja. Wateja wangapi aliwavunjia hivi, na wangapi hawakurudi kwa sababu tu walikwenda kwa fundi mwingine? Wazo hilo lilimjia akiwa bado amepiga magoti, na halikutaka kuondoka.

Aliipata chipu baada ya saa nzima, imejibana kwenye pembe ya kipande kimoja cha lile dude, nzima. Sasa iwekwe wapi? Shaba yake nzuri haikuwa na mahali pa kuiweka. Ikabidi aunganishe vipande kwa gundi, avizungushie utepe mweusi, azungushe tena vilipolegea, na alipomaliza ufunguo ulikuwa mnene kuliko ulivyoletwa.

Injini ikawaka na haikuzima. Shemeji akauchomoa ufunguo, akaupimapima kiganjani, akainua macho mlangoni.

"Kibao chako kiko sawa, shemeji," alisema. "Haukurudi. Hata kuondoka haukuondoka."

Kinyozi alicheka mpaka akashika ukuta.

Kesho yake kibao hakikuwepo. Palibaki mstatili wa rangi safi mlangoni, na fundi, kabla hajagusa mashine, alikuwa ameshapapangusa.