Stelingi Mlevi wa Sanyuanli

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa nyundo, misumari na mablanketi. Mzee Mbarouk, Mzanzibari aliyekuwa na ofisi ya kusafirisha mizigo pale Sanyuanli, mtaa wa mji wa Guangzhou, China, alinionyesha chumba cha nyuma na kuniambia nizibe kuta zote ili sauti isigonge na kurudi.

"Ukimaliza, kaa hapo uanze kusema."

Nikamuuliza niseme nini.

"Wanayoyasema Wachina kwenye televisheni, uyaseme kwa Kiswahili. Si ndiyo kazi uliyoiomba?"

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne Tanga na kumfuata mjomba Guangzhou. Mjomba akarudi nyumbani, nami nikabaki kwa sababu mji ulikuwa bado haujanichosha. Kichina changu kilikuwa cha sokoni, lakini kwa tamthilia kilitosha, maana watu wengi ndani yake huwa wanagombana, na ugomvi nilikuwa nauelewa.

Vijana wa leo wanaotazama kila kitu kwenye simu hawajui tulivyofanya. Deki ya kwanza ilicheza tamthilia. Sauti yake ilipita kwenye mikseri, kile kisanduku cha vitufe vya kupandisha na kushusha sauti, nikaishusha mpaka ikawa kama watu wanaoongea chumba cha jirani. Juu yake niliweka yangu. Deki ya pili ilirekodi vyote kwenye kanda mama, na kutoka hiyo tulinakili kanda za kupeleka Dar na Unguja. Msimuliaji nilikuwa peke yangu kwa wahusika wote: mzee, mtoto, bibi harusi, hata mbwa. Wakati huo uwanja wa ndege wa Baiyun ulikuwa jirani yetu, na ndege ikishuka tulisimamisha kila kitu.

Mzee Mbarouk alikuwa na sharti moja. "Skiza kijana. Kanda hizi zinaingia majumbani mwa watu. Stelingi halewi, hasemi uongo, wala hamvunjii mamake heshima. Akifanya, wewe mtengeneze."

Kwa stelingi wa mapanga na mateke kazi ilikuwa rahisi, maana walikuwa wameshatengenezwa tangu kwao. Kisha ikaja tamthilia ya Inspekta.

Huyu Inspekta alikuwa hodari kuliko polisi wote wa mji wake, na wa hovyo kuliko walevi wake wote. Mkewe alikuwa amemkimbia. Cherehani ya mama yake, ambayo ndiyo ilimsomesha, alikuwa ameiuza akanywea pombe. Nikamtengeneza kama nilivyoagizwa. Chupa ikawa ya dawa. Kuyumba kukawa kizunguzungu. Cherehani nikasema ameipeleka kwa fundi.

Kanda zikaenda, na baada ya muda mteja wetu wa Dar akapiga simu. Mzee Mbarouk alisikiliza kwa muda mrefu, akaweka simu chini, akanitazama.

"Watu wanauliza stelingi anaumwa nini."

"Anaumwa?"

"Anakunywa dawa asubuhi na jioni na hapati nafuu. Na hiyo cherehani, fundi gani huyo asiyeimaliza? Kanda zinarudishwa." Akaugonga mlango wa chumba changu kwa kiganja, kama anayeupima. "Kontena linafungwa Jumamosi. Kama sina tamthilia ya maana ya kupakia, humu chumbani nitajaza jinzi za Xintang, na wewe utarudi kwenu."

Nikakimbia kwa laobani aliyetuuzia kanda, ndivyo tulivyomwita kila mwenye duka, kutafuta tamthilia yenye stelingi mtulivu. "Meiyou," akasema bila kuinua macho. Hakuna.

Nilirudi nikawasha ya Inspekta bila sauti, nikijaribu kufikiria ugonjwa wa kumpa. Mama Furaha, mfanyabiashara kutoka Lubumbashi, mlokole asiyekosa ibada, alikuwa anasubiri mizigo yake. Akaingia bila kubisha, akavuta kiti.

"Papa, ule mutu analewa."

"Anakunywa dawa, mama."

"Dawa gani? Mi nilikuwaka na bwana ya vile. Angalia mukono yake. Anaficha chupa, mama yake asione. Iko na haya. Mutu wa haya anaweza kupona." Akasogeza kiti mbele. "Anasema nini pale?"

Nikapandisha sauti, nikamwambia kwa ufupi anachokisema Inspekta kweli, bila kumtengeneza. Mama Furaha akataka aambiwe neno kwa neno. Mzee Mbarouk, aliyekuwa amesimama mlangoni, akanung'unika, "Haya, msimulie hivyo hivyo tusikie upuuzi wenyewe." Waliokuwa ofisini wakisubiri mizigo nao wakajazana.

Nikasimulia. Inspekta kamkamata mwizi aliyewashinda wote, kapewa nishani, kaitia mfukoni, kaenda kumwonyesha mama. Njiani kapita baa. Kafika amelewa, na mama kafunga mlango kwa ndani.

"Usimfungulie," akasema Mmombasa mmoja. "Akauze na mlango."

"Wewe hujawahi kukosea?" Mama Furaha akamuuliza.

"Nimekosea, lakini sijauza cherehani."

"Hukuwa na ya kuuza."

Watu wakacheka, na ndege ikapita juu yetu. Nikanyamaza kwa mazoea. Mzee Mbarouk akanigusa bega. "Endelea, bwana. Mama anafungua?"

Sehemu ya kwanza ikaisha mlango ukiwa umefungwa. Mzee akasema weka ya pili. Wakati wa swala ya alasiri ukafika, wakatoka, na waliporudi Mzee Mbarouk alikuwa wa kwanza kuingia, akihema kwa kupanda ngazi.

"Mmeendelea bila mimi?"

Siku hiyo hiyo akaniamuru nirudie kanda zote kabla ya Jumamosi. Pombe iwe pombe. Nikauliza kuhusu matusi.

"Punguza," akasema, kisha akafikiri. "Usipunguze sana."

Nilirekodi mpaka sauti ikakauka, huku Mama Furaha akinichemshia maji ya tangawizi. Sehemu ya mwisho tuliitazama sote kwanza. Mama hamfungulii aingie. Anaufungua mlango kidogo tu, anatoa bakuli la wali, analiweka kizingitini, anajifungia tena, na Inspekta anakaa chini na kula. Tulipofika kuirekodi nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri ya kueleza msamaha ni nini. Mzee Mbarouk, macho mekundu, akanyoosha mkono akaishusha maikrofoni yangu.

"Hapo usiseme kitu. Kila mtu ana mamake."

Kontena likafungwa na kanda zikiwemo, na chumba kikabaki changu mpaka nilipoondoka mwenyewe kwenda kuona miji mingine. Nimestaafu kusimulia, ingawa umri wangu bado ni wa arobaini na kitu, kwa sababu siku hizi kila mtu anasoma maandishi ya tafsiri chini ya skrini. Stelingi safi niliowapa sauti ni wengi, na sikumbuki hata mmoja alikuwa anataka nini. Inspekta alitaka kufunguliwa mlango. Kila ninapohamia mji mpya na kula peke yangu siku ya kwanza, hukaa karibu na mlango kama yeye, nikila polepole.