Mlafi Aliyefungiwa Stoo

Mas Gandung, yaani Kaka Gandung, alipanga chumba kwangu Yogyakarta tangu ana nywele nyingi, na sikuwahi kumsikia akikubali chakula. "Nimeshiba, Bu," husema, maana kwetu mama huitwa Bu, huku tumbo likimsuta. Kwetu Jawa mgeni hali mpaka abembelezwe, sawa, lakini huyu alizidi. Nilimbembeleza mpaka wali ukapoa, na bado alikonda kama ufito.

Tasnifu yake ilimchambua nafsi karani mmoja wa riwayani, aliyekataa kila alichokitamani: chakula, cheo, hata mwanamke aliyempenda. Gandung alidai ndani ya kila mtu wamo mlafi na mlinzi wanaogombana, na kwa karani yule mlinzi alikuwa amemfungia mlafi stoo. Chuo kilishamchoka Gandung. Siku ya kuitetea mbele ya watahini ilifika; akishindwa, anafukuzwa, na mama yake kule Wonosari alikwishawatangazia majirani kwamba mwanawe msomi.

Nilipika lemper, ule wali wa kunata wenye kuku ndani, uliofungwa kwa jani la mgomba, nikaziweka mbele ya watahini, nikakaa nyuma. Pak Hardjito (Pak ndiyo Mzee), mtahini mkuu, mwenye kitambi cha heshima, akamkaba.

"Karani alikataa kula kwa sababu ameshiba! Kasema mwenyewe, ukurasa huu hapa. Wewe hiyo njaa umeiona wapi?"

Gandung akainamisha kichwa. Nilitamani kumfinya. Mtu hajawahi kumpinga hata paka wangu!

"Samahani, Pak," akasema. "Wewe umeshiba?"

"Mimi? Nimeshiba kabisa."

"Mbona tangu tuanze hujaniangalia mimi, Pak? Unaangalia sahani. Unangoja mtu aseme karibuni."

Nilitamani ardhi inimeze. Kumwambia profesa hivyo, Jawa hii! Ndipo tumbo la Pak Hardjito likanguruma, tena kwa kirefu, mpaka mtahini wa pili akajitia kukohoa.

"Karibu, Pak," Gandung akasema taratibu.

"Ah, hapana, nimesh..." Akakoma. Akaangua kicheko, akachukua mbili kwa mpigo. "Kijana amefaulu. Mwenye swali jingine na aliulize tumbo langu."

Wenzake nao wakala, ikabaki lemper moja. Nikampelekea Gandung, nimeshajiandaa kubembeleza kama kawaida.

"Naitaka, Bu," akasema, tayari anamenya jani.

Nikabaki na maneno yangu yote mdomoni, machozi yakinitoka.